Mwacheni Katibu wa Wakili Aende Mkutanoni

"Ukienda wewe, ofisini anabaki nani?"

Ndilo jibu wanalopewa makatibu wengi wa ofisi za mawakili wanapopeleka barua ya kuomba ruhusa na ada ya kuhudhuria mkutano wa mwaka wa taaluma yao. Barua inarudi mezani haijasainiwa, na mazungumzo yanaishia hapo. Wakili mwenyewe, wakati wake ukifika, anakata tiketi kwenda kwenye mkutano mkuu wa Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, na hakuna anayemuuliza nani atasimama mahakamani. Anamwomba wakili mwenzake amshikie mashauri, anaahirisha yanayoahirishika, anaondoka.

Swali lile nalichukulia kwa uzito, kwa sababu linampinga mwenye kuliuliza. Kama ofisi haiwezi kuvumilia siku tatu bila katibu, basi ofisi imekaa juu ya ujuzi wa mtu huyo. Na kama imekaa juu ya ujuzi wake, kumnyima nafasi ya kuuongeza ni kuhatarisha mashauri ya wateja. Nasema hivi nikiwa nimekaa meza ya mbele ya ofisi ya mawakili jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na ninayajua mambo yanayopita pale kabla hayajafika kwa wakili, na yanayopita tena pale yakishatoka kwake.

Tuanze na siku. Ukiondoa hoja za kisheria zenyewe, kazi ya uwakili ni kazi ya kuhesabu siku. Mdaiwa akishapokea wito na hati ya madai ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama Kuu ana siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani, na tangu siku aliyoiwasilisha anahesabiwa siku 60 za kuleta rufaa yenyewe. Kwa kuwa nakala ya mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yaliyopita mahakamani, mara nyingi huchelewa kutoka, Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 zinaruhusu siku za kuisubiri ziondolewe kwenye hesabu, na msajili anatoa hati ya kuthibitisha hilo. Lakini kuna masharti. Barua ya kuomba mwenendo iwe imeandikwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe, na nakala yake iwe imepelekwa kwa mjibu rufaa.

Barua yenyewe ni ya aya mbili. Anaichapa katibu. Nakala ya kwenda kwa wakili wa upande wa pili anaiweka kwenye bahasha katibu, anampa mhudumu wa ofisi pamoja na daftari la kusainisha, na jioni ni katibu huyohuyo anayefungua daftari kuona kama mhuri wa kupokelea umegongwa na tarehe inasomeka. Nakala hiyo ikisahaulika kwenye trei, mwombaji anapoteza haki ya kuondolewa zile siku za kusubiri, na huenda zilikuwa miezi kadhaa. Rufaa inakuwa imekuja nje ya muda. Mteja anaweza kuwa na hoja nzito kuliko za mtu yeyote, na zisisikilizwe hata moja.

Njia ya kuomba kuongezewa muda ipo, ila ni nyembamba. Katika shauri la Lyamuya Construction, ombi la madai namba 2 la 2010, Mahakama ya Rufani iliweka vigezo vinavyonukuliwa hadi leo: mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, kuchelewa kwenyewe kusiwe kwa kupindukia, na aonyeshe kwamba alikuwa na bidii, hakuzembea. Mahakama zimesema pia, tena tangu zamani, kwamba uzembe wa wakili peke yake hautoshi kuwa sababu. Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa ili mahakama zitazame haki zaidi kuliko ufundi wa taratibu, na mawakili wengi wakadhani wamepata pa kupumulia. Mahakama ya Rufani ikaweka wazi kwamba marekebisho yale hayakuja kufuta masharti ya lazima, na muda umo.

Sasa kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo linalouma kuliko yote. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inataka kila hati iandikwe jina la aliyeiandaa, na jina hilo ni la wakili. Katibu aliyekesha akiipanga, akarekebisha namba za aya, akagundua kwamba kiambatisho cha tatu kimetajwa na hakikuambatishwa, hatajwi popote, na hiyo ni sawa, kwa maana mwenye dhamana ni wakili. Lakini siku ambayo kitu kimeharibika, mambo yanageuka. Wakili akiapa kwamba hati ilichelewa kwa sababu katibu wake alisahau, mahakama itamwambia kwamba maelezo hayo ni ya kusikia, na kwamba aliyetajwa aape mwenyewe. Hapo ndipo katibu anaandikiwa hati ya kiapo: mimi fulani, mtu mzima, Mkristo au Mwislamu, katibu mahsusi katika ofisi ya mawakili fulani, naapa na kutamka kwamba ni kweli nilisahau. Miaka kumi ya kazi safi haina kumbukumbu mahakamani. Siku moja ya kusahau inaingia kwenye jalada, ina namba, na inabaki humo.

Mtu unayeweza kumwapisha kwa kosa lake, una wajibu wa kumfundisha kabla ya kosa.

Hoja yangu haiishii kwenye mafunzo ya darasani. Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho sasa ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, kimewalea makatibu wa nchi hii kwa vizazi, na kazi yake inaonekana. Ukisoma tangazo la ajira serikalini la mwandishi mwendesha ofisi, cheo ambacho zamani kiliitwa katibu mahsusi, utakuta anatakiwa awe na stashahada ya uhazili na awe amefaulu hati mkato, yaani uandishi wa haraka kwa alama, ya Kiswahili na Kiingereza ya maneno 100 kwa dakika. Hicho ni kipimo kikali. Lakini hati mkato haimfundishi mtu kwamba hati ya kiapo isiyotaja mahali na tarehe ya kuapishwa ina kasoro ya kuiangusha, ingawa sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, inasema hivyo waziwazi. Hilo katibu wa wakili hujifunza kazini, na mara nyingi hujifunza siku ambayo shauri limeondolewa.

Au hulijifunza kwa mwenzake. Na mkutano wa taaluma, ukiondoa mapambo yake yote, ni mahali pa kukutana na mwenzako.

Kwenye mkutano mmoja wa makatibu niliouhudhuria, wakati wa chai ya saa nne, nilikaa na dada mmoja mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi na mawakili mjini Mwanza. Alitoa kwenye mkoba daftari la kawaida la jalada gumu. Kila ukurasa alikuwa ameuchora mistari ya safu tano: namba ya shauri, tukio lililoanzisha hesabu, siku ya mwisho kisheria, siku ya mwisho ya ofisi, na uthibitisho. Siku ya mwisho ya ofisi ilikuwa siku saba kabla ya ile ya kisheria, na hiyo ndiyo pekee aliyomwambia wakili wake. Safu ya uthibitisho haikukubali neno "tayari". Ilikubali tarehe ya mhuri wa kupokelea tu, na chini yake kabandika nakala ndogo ya ukurasa wenye mhuri. Nilimuuliza kwa nini hamwambii wakili siku yenyewe ya sheria. Akanijibu kwamba wakili ukimpa siku ya mwisho ndiyo siku atakayoanza kuandika. Chai ikapoa. Ukumbini walikuwa wameanza mada nyingine, sisi tukabaki tunahesabu jinsi ya kushughulikia siku ya mwisho inapoangukia Jumapili au sikukuu ya Idi ambayo tarehe yake haijatangazwa.

Niliporudi ofisini nilichora safu tano. Hakuna semina ya mgeni rasmi iliyonipa kitu kilichokaa kwenye meza yangu kwa muda mrefu kama kile.

Haja ya makutano ya namna hii imeongezeka kuliko wakati wowote, kwa sababu meza ya katibu wa wakili imebadilishwa na sheria na mitambo ndani ya miaka michache. Kanuni za kusajili mashauri kwa njia ya kielektroniki zilikuja 2018. Mwishoni mwa 2023 Mahakama ya Tanzania ikaleta mfumo ulioboreshwa wa kuratibu mashauri, na yule aliyezoea kubeba nakala nne kwenda dirisha la masijala akajikuta anapandisha mafaili kwenye kompyuta, anasubiri namba ya kumbukumbu ya malipo, na anaomba intaneti isikatike saa tano usiku. Majaji wenyewe walilazimika kuamua swali ambalo kwa katibu ni la kila siku: hati imewasilishwa lini, siku ilipopandishwa mfumoni au siku ada ilipolipwa? Katibu anayepandisha hati Ijumaa jioni na kumwachia mteja alipe Jumatatu anacheza na moto bila kujua, na hakuna aliyemwita pembeni kumweleza.

Wenzetu Kenya wamepita njia hiyohiyo. Usajili wa mashauri kielektroniki ulianza Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 ukatangazwa kwa nchi nzima. Ukiwapata makatibu wa Nairobi waliokwishaumizwa na mfumo kwa miaka hiyo, wakae meza moja na wa Dodoma na Arusha kwa asubuhi moja, watapeana mbinu ambazo mwongozo wa mtumiaji hauna.

Kisha ikaja lugha. Marekebisho ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikaachiwa mazingira maalumu. Mtu aliyechapa hati kwa Kiingereza kwa miaka ishirini, mwenye mifano yake kwenye kompyuta, ghafla anaambiwa aandae pingamizi la awali, kiapo kinzani na hoja za maandishi kwa Kiswahili. Kila ofisi imejitungia mifano yake, na ukipokea hati kutoka ofisi tatu utaona tatu zisizofanana. Kukubaliana juu ya mifano ya pamoja ni kazi ya mkutano wa makatibu. Wao ndio wanaoiandika.

Juu ya hayo kuna akili unde (AI). Mahakama imeanza kutumia mfumo wa kunukuu yanayosemwa mahakamani na kuyatafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Kipimo cha maneno 100 kwa dakika, ambacho vijana wa uhazili wanakitokea jasho, kimekutana na mashine. Mimi siamini kwamba mashine itamwondoa katibu wa wakili. Naamini itamwondoa yule ambaye kazi yake ilikuwa kuchapa tu, na itamhitaji zaidi yule anayejua kwamba hati fulani imekosa kiambatisho. Lakini mabadiliko hayo hayafai kumkuta mtu peke yake, amejifungia kwenye ofisi ya ghorofa ya tatu, akisikia habari kwa WhatsApp. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za wateja, namba za vitambulisho vya taifa, vyeti vya ndoa na vya vifo, vinakaa kwenye kompyuta ya nani? Kwenye kompyuta ya katibu, na mara nyingine kwenye simu yake binafsi.

Baada ya kusema yote hayo, lazima niseme pia kwamba mikutano yenyewe ina kasoro, na sitaki kumtetea katibu kwa kufumbia macho udhaifu wa mahali anapoomba kwenda. Tanzania Bara tuna Chama cha Makatibu Mahsusi, TAPSEA, na kwa kazi ya kuwakusanya makatibu wa nchi nzima kila mwaka kinastahili heshima. Lakini waliojaa ukumbini ni wa wizara, halmashauri, mashirika na taasisi za umma, na ndivyo inavyotarajiwa: mwajiri wao ana fungu la mafunzo, ana gari, ana posho ya kujikimu. Mada nazo zinafuata wengi: adabu za ofisi, utunzaji wa siri za serikali, mafao ya kustaafu, mikopo ya benki. Katibu wa ofisi ya mawakili anakaa safu za nyuma akisikiliza mambo ambayo robo yake tu yanamgusa. Asubuhi nzima inaliwa na mapokezi ya mgeni rasmi, risala, majibu ya risala, zawadi, picha ya pamoja na sare ya kitenge. Furaha hiyo siidharau. Mtu aliyeinamia kibodi mwaka mzima anastahili siku ya kuonekana. Ila wakili akiona picha hizo kwenye simu, anapata sababu ya kusema haya ni matembezi, na mwaka unaofuata barua hairudi hata na jibu.

Wamarekani walilitatua hili mapema, na inafaa kutazama walivyofanya. Mwaka 1929, mjini Long Beach, California, katibu wa wakili aliyeitwa Eula Mae Jett aliwakusanya makatibu wenzake wa ofisi za sheria wajifunze pamoja. Hawakungoja mawakili wawaanzishie. Kutokana na mbegu ile kikakua chama cha kitaifa kinachojulikana kama NALS, na kuanzia 1960 kikawa na mtihani wa kitaaluma wa makatibu wa sheria. Kilichonivutia zaidi ni jinsi mkutano ulivyofungamanishwa na cheti. Aliyefaulu hapewi cheti cha maisha. Kila baada ya muda lazima akihuishe kwa kuonyesha saa za mafunzo, na mikutano ni mojawapo ya mahali pa kuzipata saa hizo. Kwa hiyo katibu akiomba ruhusa, anaomba kitu chenye hesabu. Akirudi ana karatasi inayosema alikaa saa ngapi kwenye mada gani.

Mawakili wetu wanaielewa lugha hiyo vizuri, kwa sababu wao wenyewe wamefungwa nayo. Nchini Kenya wakili anatakiwa kukusanya alama 5 za mafunzo endelevu kila mwaka. Sijawahi kumsikia wakili akisema kwamba alama hizo ni matembezi, hata mafunzo yanapofanyika kwenye hoteli ya ufukweni Mombasa.

Kuna pingamizi mbili ninazozisikia kwa mawakili na ninazoziheshimu. Ya kwanza ni siri. Wakili anaogopa kwamba makatibu wakikutana watazungumza mashauri, na jiji si kubwa kama linavyoonekana. Katibu wa mdai anaweza kukaa meza moja na katibu wa mdaiwa. Hofu hiyo ni ya kweli. Sheria ya Ushahidi inaziba mdomo wa wakili kuhusu mawasiliano na mteja wake, na inawaziba pia makarani na wafanyakazi wake. Sasa niambie, ni makatibu wangapi wamewahi kufafanuliwa na mwajiri wao kwamba kinga hiyo inawahusu, inaanzia wapi na haina mwisho hata wakiacha kazi? Mahali pazuri pa kulifundisha hilo ni palepale mkutanoni, saa ya kwanza, kabla hawajapeana namba za simu. Kumfungia katibu ndani hakulindi siri yoyote. Makatibu hao wanakutana kila siku kwenye korido za masijala na kwenye daladala.

Pingamizi ya pili ni kwamba katibu akienda huko ataonekana na atachukuliwa na ofisi nyingine. Hili nalo hutokea. Lakini katibu mzuri anayechukuliwa huwa ameshachoka kabla hajaonekana. Ninawajua walioacha ofisi zilizowalipa vizuri kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza wanataka kujifunza nini. Na wengi wa watu hawa ni wanawake, waliozoea kuombwa waandae chai ya kikao ambacho wao ndio wamekiandalia makabrasha. Mwezi Aprili ukifika, ofisi nyingi hukumbuka Siku ya Makatibu, desturi iliyoanzia Marekani 1952 kwa wiki nzima ya kuwaenzi, na katibu anapewa keki, ua na chakula cha mchana. Wanashukuru, wanapiga picha. Nafikiri wengi wangeibadilisha keki ile na ada ya mkutano bila kufikiri mara mbili.

Gharama nazo si za kupuuzwa. Katibu wa serikali anakwenda kwa posho. Wa ofisi binafsi anajilipia nauli, analala kwa ndugu, na siku za mkutano anakatwa kwenye likizo yake ya mwaka ya siku 28. Ofisi ya wakili mmoja na katibu mmoja haina fungu la mafunzo, na hizo ndizo ofisi nyingi. Kwa ofisi hizo lile swali la nani anabaki ni gumu kwelikweli, na jibu lake lipo kwa majirani. Ofisi mbili za ghorofa moja zinaweza kupeana katibu kwa zamu: mwaka huu anakwenda wa kwako, wa kwangu anapokea simu na hati za pande zote mbili, na mwakani tunabadilishana. Kupokea hati zinazoletwa na kugonga mhuri ni kazi anayoiweza jirani bila kufungua jalada lolote. Siku za kisheria zinazoangukia ndani ya mkutano zinamalizwa kabla ya safari, na hapo ndipo ile safu ya siku ya mwisho ya ofisi inapolipa.

Upo pia wakati ambao swali hilo hupoteza makali. Mahakama Kuu huwa na likizo kuanzia katikati ya Desemba hadi mwishoni mwa Januari. Mashauri mengi ya kawaida hayasikilizwi, mawakili wanasafiri kwenda kwao, na katibu anabaki akipanga majalada na kufuta vumbi. Mwishoni mwa Januari huja Wiki ya Sheria, ambapo mahakama nchi nzima hujifungua kwa wananchi, na mwanzoni mwa Februari Siku ya Sheria inafungua mwaka mpya wa mahakama. Mkutano wa makatibu wa ofisi za mawakili ungekaa hapo, katika siku mbili au tatu za Januari, na hakuna wakili angeweza kusema kwa moyo safi kwamba ofisi itasimama.

TLS ina uwezo wa kulianzisha hili. Wanachama wake ndio waajiri, na kosa la katibu linaishia kwenye jina la mwanachama wake. Haihitaji kuanzisha chama kipya cha makatibu wala kushindana na TAPSEA. Ikae nao, wakubaliane sehemu ya mkutano iwe ya watu wa ofisi za sheria, yenye mada zake. Mada ninazozitaka si za kubuni. Naibu Msajili wa Mahakama aje na rundo la hati zilizokataliwa, majina yakiwa yamefutwa, aonyeshe moja baada ya nyingine zilikataliwa kwa nini. Mtu wa kitengo cha teknolojia cha Mahakama akae mbele ya mfumo uliowashwa, apandishe hati, malipo yagome, na aonyeshe mbele ya macho ya watu afanyeje. Makatibu walete mifano yao ya Kiswahili, wailinganishe, watoke na mmoja. Katibu mzoefu apewe saa nzima aeleze anavyotunza kalenda ya mashauri, alipwe kama mtoa mada mwingine yeyote. Mgeni rasmi apewe dakika kumi na tano, na aje jioni.

Hoteli si ya lazima. Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki, majengo yanayoweka mahakama za ngazi mbalimbali pamoja, vilivyojengwa Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro, Kinondoni na Temeke vina kumbi, vina mitambo ya video ya kuziunganisha, na wanaohitajika kufundisha wanafanya kazi humohumo. Katibu wa Morogoro asafiri kwenda Morogoro mjini tu. Katibu wa Tarime afike Mwanza kwa basi. Ada inaweza kushuka hadi bei ya chai na makabrasha, na anayerudi ofisini aandike ukurasa mmoja: nimejifunza nini, na kipi nakibadilisha kwenye ofisi hii kuanzia Jumatatu. Wakili ausome, auweke saini, na aulize maswali.